"Nyama" ya oti bila mbaazi haimjengi mtoto



MSOMAJI wetu mmoja, mama wa nyumbani huko Masasi, ametuletea swali ambalo tunaamini linawagusa wengi. Anasema jirani yake, ambaye ni Msabato, amemfundisha kutengeneza "nyama" ya oti. Oti ni ile nafaka iliyobapwa inayouzwa madukani kwenye makopo na pakiti, na wapo wanaoiita kweka kwa jina la kampuni. Huchemshwa na kitunguu, kitunguu saumu, binzari na kidonge cha supu, ikashikana, ikakatwa vipande, ikakaangwa na kutiwa kwenye mchuzi. Watoto wake wameipenda mno.

Mama huyo anauliza mambo mawili. Kwanza, je, inafaa kwa Muislamu kula chakula kilichotengenezwa kifanane na nyama ilhali nyama yenyewe ni halali? Pili, je, watoto wakila hiyo kwa wiki nzima watakuwa wamepata kile ambacho wangekipata kwenye nyama?

La kwanza ni jepesi. Asili ya vyakula ni halali mpaka ije dalili ya kukataza, na oti, mbaazi na viungo havina katazo. Kilichokemewa, katika Suratul Maida aya ya 87, ni mtu kujiharamishia vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu amevihalalisha. Anayeacha nyama kwa kuwa mfuko hauruhusu, au kwa ushauri wa daktari, hayumo humo. Kujifunza mapishi kwa jirani asiye Muislamu nako hakuna ubaya. La kuangalia ni kinachoingia chunguni, hasa kile kidonge cha supu, maana vingine vina mafuta au unga wa nyama ambayo haijulikani imechinjwa vipi. Soma maandishi kwenye karatasi yake kabla ya kununua. Ukikosa uhakika, kiache. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia kinatosha kuleta ladha.

Wapo watakaokumbusha kwamba katika Suratul Baqara aya ya 61 Bani Israil walikemewa pale walipoomba adesi na vitunguu badala ya kilicho bora. Hoja hii tumewahi kuisikia barazani. Lakini wale walikuwa na kilicho bora mikononi mwao wakakichoka, na mama wa Newala mwezi wa Februari hana hicho kilicho bora cha kukichoka. Wallahu aalam.

Swali la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu jibu lake ni hapana, na hapana hiyo ina uzito wa pekee katika wilaya zetu hizi.

Ulimi na mwili

Oti ni chakula kizuri. Ina nyuzinyuzi zinazosaidia choo na zinazopunguza lehemu mbaya kwenye damu, na ni ndugu wa karibu wa shayiri, nafaka iliyotumika kupikia talbina, uji ambao Mtume (s.a.w) aliuusia kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa. Hata hivyo, oti ni nafaka. Kikombe kimoja cha oti kavu, kama gramu 80, kina protini ya gramu 10 hivi. Kikombe hicho kikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anapata chini ya gramu 2. Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji takriban gramu 19 kwa siku. Kipande cha nyama iliyopikwa cha gramu 90, yaani kama ukubwa wa kiganja bila vidole, kina zaidi ya gramu 20.

Binzari na kitunguu saumu vinaweza kuudanganya ulimi ukaamini kwamba umekula nyama. Misuli ya mtoto haidanganyiki. Mama akiamini kwamba kitoweo kimepatikana, anaweza kuacha kutafuta kingine, na hapo ndipo hatari ilipo.

Waingereza waliwahi kupita njia hii. Nyama iligawiwa kwa mgao kuanzia mwaka 1940 hadi 1954 kwa sababu ya vita na dhiki iliyofuata, na akina mama wa huko walichanganya oti kwenye nyama ya kusaga ili kidogo kiwatoshe wengi. Hapo oti iliongeza wingi wa nyama iliyokuwamo, haikusimama peke yake.

Muhogo bila kitoweo

Kwa nini tunasema hapana hii ina uzito wa pekee kwetu? Kwa sababu huku nguzo ya chakula ni muhogo, na mwingi ni ule mchungu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ambayo hutoka ukiloweshwa, ukichachushwa na kukaushwa vya kutosha. Hata hivyo huwa inabaki kidogo, na mwili umepewa njia ya kuiondoa hiyo iliyobaki: huibadilisha na kuitoa kwa mkojo, kwa kutumia salfa inayotokana na protini ya chakula. Hapa mkulima wa korosho asije akadhani tunazungumzia salfa ya kupulizia mikorosho. Hiyo hailiwi, na mifuko yake isianikiwe muhogo wala kuhifadhiwa mbaazi hata ikifuliwa.

Sasa fikiria nyumba ambayo kwa wiki kadhaa inakula ugali wa muhogo na majani tu, bila samaki, nyama wala kunde. Sumu inaingia kila siku na cha kuitolea hakipo. Matokeo yake yanaweza kuwa ugonjwa wa konzo: miguu hukakamaa ghafla, mara nyingi ya mtoto au ya mama aliye katika umri wa kuzaa, na haiponi tena. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hapa Tanzania ugonjwa huu ulizuka Tarime mwaka 1985, na mkoa wetu wa Mtwara nao umewahi kuwa na wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wilayani Masasi waliugua ghafla, wakitapika na kupata kizunguzungu, baada ya kula muhogo ulioandaliwa kwa haraka. Njaa ilikuwa imebana na wengi walitumia chinyanya, yaani muhogo unaopondwa mbichi, kuanikwa na kupondwa tena ili unga upatikane upesi.

Kwa unga uliokwisha kusagwa ipo njia moja rahisi. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze kwenye sinia au mkeka safi uwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Sumu nyingi iliyobaki huondoka kwa hewa. Njia hii inaongezewa kwenye maandalizi ya kawaida ya muhogo, haichukui nafasi yake, na haichukui nafasi ya kitoweo pia.

Kababu za mbaazi na oti

Kwa hiyo, mama, usiitupe oti yako. Ipe mwenzake. Kunde za aina zote, yaani mbaazi, choroko, kunde zenyewe na njugu mawe, zina protini nyingi, ila zina upungufu wa ile yenye salfa. Nafaka na ufuta zinayo hiyo, ila zina upungufu wa kile ambacho kunde zinacho. Zikikutana kwenye sahani moja zinakamilishana. Bahati nzuri mbaazi na ufuta ni mazao ya shambani kwetu, na kuponda kunde na kuzifanya kababu si jambo geni: bajia za kunde zimeuzwa pwani tangu bibi zetu.

Loweka usiku kucha kikombe kimoja cha mbaazi kavu, kama gramu 200. Asubuhi mwaga maji hayo. Kwa shida ya maji tuliyo nayo huku juu ya uwanda wa Makonde, yamwagie mche wa mpapai. Chemsha kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Zilizoloweshwa huiva mapema na kuokoa kuni. Zichuje vizuri, zirudishe sufuriani motoni kidogo zikauke, kisha ziponde kwenye kinu zingali za moto. Kosa la wengi liko hapa: mbaazi zenye maji hutoa kababu zinazovunjika.

Tia kikombe kimoja cha oti kavu, vijiko vitatu vya chakula vya ufuta uliokaangwa bila mafuta na kutwangwa, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo sana, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi, kijiko cha chai cha binzari nyembamba, giligilani, pilipili manga na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kama lipo yai, livunje humo. Kamua ndimu nusu. Changanya, funika, uache dakika ishirini ili oti inyonye maji. Ukiona bado mchanganyiko haushikani, ongeza oti kidogo. Finyanga kababu 18 za unene wa kidole, uzikaange kwa mafuta kidogo kwenye kikaango, upande huu dakika nne au tano na upande wa pili vivyo hivyo. Mafuta yaliyogeuka meusi yasirudiwe.

Ukitaka kuzitia kwenye mchuzi wa nazi, pika mchuzi kwanza uive, kababu ziingie mwisho kabisa na zisikae motoni zaidi ya dakika tano.

Kwa watu sita, kila mtu atapata kababu tatu, sawa na protini ya gramu 10 hivi. Linganisha na zile gramu mbili zisizotimia za oti peke yake.

Oti ni ghali kwa nyumba nyingi, nasi hatusemi lazima uinunue. Ugali wa mtama uliolala, ukavunjwavunjwa, unafanya kazi ile ile ya kushikisha. Vipande vya korosho vilivyotwangwa vinaleta utamu na mafuta mazuri, ila tumia zilizokwisha kubanguliwa, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na moshi wake una madhara kwa macho na kifua. Karanga zilizoota ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, wala wasipewe kuku, kwa sababu ya sumukuvu.

Yapo pia ambayo kababu hizi hazina. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, hivyo mara chache kwa wiki tafuta dagaa, yai au maziwa, hasa kwa mjamzito na anayenyonyesha. Madini ya chuma ya kwenye mbaazi huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na ndimu, embe au bibo, na hupungua ukinywa chai pamoja na chakula. Chai isubiri saa moja.

Debe la mbaazi

Tunajua pia kwamba maeneo yetu panya wa porini ni kitoweo cha kawaida, na wapo Waislamu wanaokula kwa kufuata mazoea ya kijiji. Kwa madhehebu yetu ya Shafi panya haliwi. Lakini ni vigumu kumkataza mtu kitoweo hicho wakati nyumbani kwake hakuna kingine, na mara nyingi hakipo kwa sababu mbaazi zote ziliuzwa zilipotoka shambani. Mnunuzi anapokuja na mizani, gunia zima huondoka, na miezi ya njaa inayokuja kabla ya mavuno mapya huikuta nyumba ina muhogo mtupu. Mwaka 2017, India ilipowekea mipaka uingizaji wa mbaazi na bei ikaanguka, wakulima wengi walihuzunika kuwa mbaazi zimewadodea. Wachache walifikiri kuzila.

Baba mwenye nyumba, hili linakuhusu wewe zaidi kuliko mama. Debe moja la mbaazi, kama kilo 16, kwa kipimo cha kikombe kimoja kwa siku linaitosha nyumba ya watu sita siku 80 hivi. Litenge kabla hujaita mnunuzi. Lianikwe likauke kabisa, litiwe kwenye dumu kavu lenye kifuniko cha kubana ili wadudu wakose hewa, na lisichanganywe na mbegu zilizotiwa dawa.

Kababu zilizobaki usiku zisiachwe mezani mpaka asubuhi kwa joto la huku. Kama huna jokofu, finyanga za mlo mmoja tu, na mbaazi zilizobaki zichemshwe tena mpaka zitokote kabla ya kulala na kabla ya kuliwa. Kwa mtoto aliyeanza kula, baada ya miezi sita, toa fungu lake kabla ya kutia chumvi, pilipili na vipande vya kitunguu, uliponde laini na supu ya mbaazi umlishe kwa kijiko, huku akiendelea kunyonya.