Pikapu ya Zamani na Mapipa ya Mawese

Hapa Gatete tunaulizana kama pikapu ya zamani yafaa kununuliwa kwa kubebea mawese. Tupige hesabu. Pipa la lita 200 likijaa lina kilo 200 hivi pamoja na bati lake. Mapipa matano ni tani moja, na pikapu nyingi hazikuundwa kubeba zaidi. Injini isitutishe, fundi huifungua. Tulale chini tutazame chasi: ikiwa imeliwa na kutu, au imechomelewa karibu na springi, tuiache hata ikiwa rahisi. Kisha breki zijaribiwe na mzigo, polepole, barabara ya tambarare, kabla mvua hazijaanza. Muuzaji hupenda kuijaribu tupu. Utingo ndiye anayekaa nyuma na mapipa, na breki zikifa mteremkoni yatamwangukia yeye.