Reli ya Sanriku: Mfadhili Akiondoka, Mradi ni wa Nani?



Katika semina za kamati za miradi kuna swali ambalo hurudi kila mara: mfadhili akiondoka, mradi utabaki mikononi mwa nani? Katika somo hili tunajifunza kutoka mbali, kwenye reli ndogo ya mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa Japani.

1. Historia yake

Pwani ya Sanriku ina milima inayoshuka hadi baharini, na vijiji vya wavuvi vimetengana. Mwaka 1896 tsunami iliua watu wapatao 22,000 katika pwani hiyo, na misaada ilichelewa kufika kwa kukosa njia. Tangu hapo wananchi walidai reli. Ilijengwa kipande kipande kwa miaka mingi, lakini vipande havikuungana.

Kufikia mwaka 1980 Shirika la Reli la Taifa lilikuwa limeelemewa na madeni. Sheria ya mwaka huo ililiwezesha kuachana na njia za vijijini zenye abiria wachache. Njia 83 ziliorodheshwa. Kila eneo lilitakiwa kuchagua: reli ifungwe na kuwekwa mabasi, au wenyeji waichukue wenyewe. Njia 45 ziligeuzwa kuwa za mabasi. 38 zilibaki kuwa reli.

Iwate walichagua kuichukua. Mkoa, miji, vijiji na makampuni binafsi walinunua hisa na kuunda kampuni mwaka 1981. Vipande vilivyokuwa havijaungana vilikamilishwa, na tarehe 1 Aprili 1984 treni zilianza safari: kilometa 71 kaskazini, kati ya Miyako na Kuji, na kilometa 36.6 kusini, kati ya Sakari na Kamaishi. Ilikuwa ya kwanza kati ya njia zilizoachwa na taifa kuendeshwa kwa mtindo huo, ambao Wajapani huuita "sekta ya tatu", yaani serikali na watu binafsi kwa pamoja.

2. Uendeshaji wake

Treni nyingi ni behewa moja tu lenye injini yake ya dizeli. Dereva yuko peke yake, na ndiye anayesimamia malipo ya nauli. Wasafiri wakubwa ni wanafunzi na wazee wanaokwenda hospitali. Miaka ya kwanza kampuni ilipata faida. Baadaye vijana walihamia mijini, magari yakaongezeka, na hasara ikaanza. Serikali za mitaa zimeendelea kuchangia. Kampuni nayo imebuni njia za kupata wageni, kama treni ya majira ya baridi yenye meza za kujipashia joto.

3. Siku ya majaribu

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa na tsunami viliipiga pwani hiyo. Nchini kote watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea. Madaraja na vituo vya reli vilisombwa. Umeme ulikatika, hivyo huko Miyako viongozi wa kampuni walifanya ofisi ndani ya behewa la dizeli, kwa kuwa lilikuwa na taa na joto lake.

Mkurugenzi, Masahiko Mochizuki, alipokagua njia aliona watu wakitembea juu ya reli, maana barabara zilikuwa zimejaa vifusi. Akaamua kuwa pale penye uzima treni itembee. Tarehe 16 Machi, siku tano tu baada ya maafa, treni ilitembea tena kutoka Kuji. Vipande vingine vilifuata tarehe 20 na 29. Hadi mwisho wa mwezi huo watu walisafiri bure.

Matengenezo makubwa yalihitaji fedha za taifa na msaada wa Kuwait, na njia zote mbili zilifunguliwa kikamilifu Aprili 2014. Mwaka 2019 kampuni ilikabidhiwa pia kipande cha katikati, kati ya Miyako na Kamaishi, na reli ikawa moja ya kilometa 163. Oktoba mwaka huohuo tufani iliiharibu tena. Ilifunguliwa yote tarehe 20 Machi 2020.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, umiliki hupimwa siku ya shida. Aliye karibu na tatizo, akiwa na mamlaka ya kuamua, hasubiri barua kutoka makao makuu.

Pili, kuanza na kidogo kilicho kizima ni bora kuliko kungoja vyote vikamilike. Nehemia hakujenga ukuta wote kwa siku moja. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao.

Tatu, tusidanganyane: kumiliki ni gharama. Sanriku haijitegemei kwa nauli peke yake, na bila msaada wa nje isingesimama tena. Lakini wasaidizi walimkuta mwenye mradi akiwa tayari kazini. Kisima chenye kamati isiyokusanya mchango wa matengenezo hakina mwenyewe, hata kama jiwe la msingi lina jina la kijiji.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Soma Nehemia 2:17-18 na sura ya 3. Nani walijenga, na kila mmoja alijenga wapi?
2. Mradi wenu ukiharibika leo, nani ana mamlaka ya kuamua hatua ya kwanza?
3. Je, kuna akiba ya matengenezo? Wanakikundi wanajua ni kiasi gani?
4. Ni huduma gani mko tayari kuichangia hata kama haileti faida? Kwa nini?

Bwana awabariki mnapojifunza pamoja.