Somo la 12: Shingo ya Shangazi na Daktari wa Homoni

Ndugu mwanakisomo, je, umewahi kumwona mtu mwenye uvimbe mbele ya shingo? Uvimbe huo huitwa rovu. Watu wa milimani wanaujua sana. Shangazi yangu anaishi katika milima ya Njombe. Alikuwa na rovu tangu alipokuwa msichana. Halikumuuma. Alilima viazi, akazaa watoto, akazoea kufunga kitambaa shingoni.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumsalimu. Nilishtuka. Alikuwa amekonda sana. Mikono ilitetemeka hata chai ikamwagika. Njombe ni baridi, lakini yeye alitoka jasho.

"Shikamoo shangazi. Unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Ninakula kama mkulima wa watu watatu, lakini ninakwisha. Moyo unakimbia hata nikiwa nimelala."

Majirani walikuwa wameshatoa majibu yao. Mmoja alisema ni kisukari. Mwingine alisema amerogwa. Mzee mmoja alitaka kumchanja rovu kwa wembe, tena kwa malipo ya mbuzi. Nilimwomba shangazi asikubali. Shingoni mna mishipa mikubwa ya damu, na wembe mchafu huleta magonjwa mengine.

Tulifanya kosa moja. Tulikata tiketi ya basi, tukaenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa. Hatukuwa na barua. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane, kisha tukaambiwa turudi tukaanzie chini. Nauli ilipotea. Shangazi alilia njiani, nami nilikosa la kumwambia, kwa sababu safari ile niliipanga mimi.

Basi tukaanza upya. Tabibu wa zahanati ya kijiji alimshika shangazi mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Shangazi alikuwa na 124. Tabibu akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Huko walipima sukari. Haikuwa kisukari. Daktari akaandika barua nyingine kwenda hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya. Safari hii tulipokewa, maana barua ilisema mgonjwa ana nini na ameshapimwa nini.

Sasa tujifunze habari ya homoni.

Mwilini mna viungo vidogo viitwavyo tezi. Tezi hizi hutengeneza dawa za mwili wenyewe, na kuzimwaga katika damu. Dawa hizo ndizo homoni. Homoni ni kama mjumbe anayepita nyumba kwa nyumba na taarifa ya kijiji. Hupita katika damu, hufika kwenye moyo, tumbo, mifupa, na kuviambia: fanya haraka, au fanya polepole. Tezi iitwayo kongosho, iliyo nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Insulini ikipungua, au mwili usipoitii, sukari huzidi katika damu. Hicho ni kisukari. Chini ya ubongo mna tezi ndogo kama punje ya njegere, nayo huziamuru tezi nyingine nyingi. Ziko pia juu ya figo. Na tezi ya shingo, ambayo wataalamu huiita thairodi, huamua mwendo wa mwili mzima.

Homoni ya tezi ya shingo ikizidi, mtu huwa kama shangazi. Ikipungua, mambo hugeuka. Mtu huona baridi wakati wenzake wanaona joto, huchoka, hunenepa, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na mawazo huwa mazito. Wengi huitwa wavivu bure.

Daktari aliyesomea kazi hii ni daktari bingwa wa homoni. Madaktari hao ni wachache sana katika nchi yetu, na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Usikate tamaa kwa hilo. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani hutibu wengi wa wagonjwa hawa. Uliza kliniki hiyo ipo siku gani ya juma kabla hujapanda basi.

Daktari hakuanza na sindano. Aliuliza maswali mengi. Alisimama nyuma ya shangazi, akaipapasa shingo, akamwambia ameze maji. Uvimbe wa tezi ya shingo hupanda na kushuka mtu anapomeza. Kisha damu ilipimwa, maana homoni haionekani kwa macho. Majibu yakaonyesha homoni imezidi. Alipewa vidonge vya kuipunguza. Daktari alimwonya kwamba akipata homa na koo kuuma wakati anatumia dawa hiyo, aache kuimeza na aende hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa moyo ulitulia, ndipo akapasuliwa. Sasa tezi imetolewa, kwa hiyo humeza kidonge kimoja cha homoni kila asubuhi kabla ya kula. Atakimeza maisha yake yote. Mwanzoni alinung'unika. Siku hizi anasema kidonge ni chepesi kuliko jembe.

Kwa nini milimani kulikuwa na marovu mengi? Tezi ya shingo huhitaji iodini, ambayo sisi huiita madini joto. Mvua nyingi huyaosha kutoka katika udongo wa milima, basi na mazao huyakosa. Tezi huvimba kwa kuyatafuta. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi au mzito wa akili. Ndiyo sababu chumvi yetu hutiwa madini joto. Soma maandishi kwenye pakiti kabla ya kununua. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na maji, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Lakini usile chumvi nyingi ukidhani ni dawa ya rovu. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na rovu la zamani haliondoki kwa chumvi.

Maswali

1. Kwa nini shangazi alirudishwa mara ya kwanza?

2. Taja dalili tatu za homoni ya tezi ya shingo kuzidi.

3. Soma pakiti ya chumvi ya nyumbani kwako. Andika maneno yanayohusu madini joto.

4. Shangazi alipewa vidonge 60. Alianza kumeza tarehe 3 Juni, kidonge kimoja kila siku. Atameza cha mwisho tarehe gani? Aende kuchukua vingine lini ili asikose hata siku moja?