Dawa Pia Huweza Kudhuru Ini: Jifunze Kujikinga

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Dawa nyingi tunazomeza, ziwe za hospitali, za dukani au za mitishamba, hupitia hapo ili zichambuliwe na mabaki yake yatolewe mwilini. Dawa ikizidi kipimo, ini lenyewe huumia. Wakati mwingine huumia hata kwa kipimo cha kawaida.

Parasetamoli

Ni dawa salama ikitumiwa ipasavyo. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha miligramu 4,000, yaani tembe 8 za miligramu 500, kwa saa 24. Mwenye uzito mdogo, mgonjwa wa ini au mtu anayekunywa pombe kila mara huhitaji kipimo cha chini zaidi. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, si kwa kijiko cha jikoni.

Hatari kubwa ni kuimeza bila kujua, kwa sababu dawa nyingi za mafua na maumivu huwa nayo ndani. Tufanye hesabu. Mtu ana homa na mafua. Anameza tembe 2 za parasetamoli mara 3 kwa siku: miligramu 3,000. Anaongeza dawa ya mafua yenye miligramu 500 za parasetamoli, tembe 1 mara 3: miligramu 1,500. Jumla ni 4,500. Amepita kipimo, ilhali anaamini amefuata maagizo ya kila pakiti. Soma viambato kabla ya kuchanganya dawa.

Aliyezidisha anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza huku ini likiharibika. Usingoje dalili; mkimbize hospitalini. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, nayo hufanya kazi vyema zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Dawa za kifua kikuu

Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi huponya kifua kikuu, lakini kwa wagonjwa wachache huathiri ini, hasa miezi ya kwanza. Ukiona dalili zilizotajwa hapa chini, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Usiache dawa kimyakimya na kukaa nyumbani, kwani ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Mhudumu ndiye atakayepima ini na kuamua dawa ipi isimamishwe au ibadilishwe. Epuka pombe kabisa wakati wa matibabu.

Mitishamba na virutubisho

Kitu kuwa cha asili hakumaanishi hakina madhara. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Vidonge vya kupunguza uzito vyenye dondoo nzito ya majani ya chai ya kijani vimehusishwa na kuumia kwa ini, ingawa chai yenyewe ya kikombe kwa kawaida haina tatizo. Vivyo hivyo dawa za homoni za kutunisha misuli. Chupa isiyoonyesha viambato wala kipimo, usiinywe.

Dalili za kuangalia

• Macho au ngozi kuwa ya manjano
• Mkojo mweusi kama strungi
• Choo cheupe
• Kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na uchovu usioisha
• Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu
• Kujikuna mwili mzima

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au kuvuja damu, hiyo ni dharura.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa umebeba kila dawa unayotumia, pamoja na chupa ya mitishamba. Usiifiche kwa kuogopa kukemewa. Mhudumu asipojua ulichokunywa, atashindwa kujua kinachokuumiza. Nyumbani, weka dawa zote mahali watoto hawafiki. Ukiwa na swali, muulize mfamasia au mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako kabla ya kumeza.