Kukabidhi Amana Kabla ya Kwenda Mapumzikoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Ndugu zetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu hivi leo riziki yao iko bara. Wako walio Kitengela, wakifanya kazi katika viwanda vya Athi River au wakienda Nairobi kila alfajiri. Na wako walio Kajiado mjini, wakiuza nguo au kununua mifugo. Wake na watoto wao wamebaki pwani. Skuli zifungwapo, au Idi ikaribiapo, hupanda gari la moshi wakateremka Miritini, nasi husema: fulani amekuja.

Je, amekuja kweli?

Idi iliyopita alihudhuria darasa letu kijana mmoja, karani wa bohari huko Kitengela. Katika muda wa darasa simu yake ililia mara tano: ufunguo uko wapi, mzigo upi utoke, mteja fulani amelipa ngapi. Babake akanilalamikia kwamba ni siku ya tatu tangu afike, na mjukuu wake hajapata kuketi na babake hata saa moja. Nikamkemea kijana. Akanijibu: “Shekhe, nifanyeje? Hapana aijuaye kazi ile illa mimi.”

Baadaye nilifikiri nikaona ya kuwa lawama yangu ilichelewa. Kosa lake lilikuwa juma moja kabla, alipofunga mizigo yake na kuiacha kazi wazi. Kwa hivyo somo letu la leo lina mambo matatu.

La kwanza ni kujua haki ni ya nani. Salman Al-Farisi (R.A.) alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta amejitoa katika saumu na sala hata amemsahau mkewe. Akamfahamisha kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao, na Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari akamsadiki Salman. Basi ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kula haki ya mke, daftari la bohari litaruhusiwa vipi?

Tena mafakihi wamesema kwamba mwajiriwa wa mtu mmoja huuza muda maalumu; muda huo ni wa mwajiri, na usiokuwa huo ni wake mwenyewe. Na sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila atimizapo miezi 12. Siku hizo hakuziuza. Anayezirudisha kazini kwa simu hutoa sadaka katika mali ya wanawe.

La pili ni amana. Haifai mtu kuzima simu tu akasema, “Nimetawakali.” Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, mwaka 622, alikuwa na amana za watu mkononi mwake, na baadhi ya watu hao ni maadui waliotaka kumwua. Juu ya hayo alimwacha Ali (R.A.) nyuma amrudishie kila mtu chake. Ikiwa safari ya kuokoa roho haikuondoa wajibu wa amana, safari ya mapumziko haiuondoi.

La tatu ni namna ya kukabidhi. Katika madhhabi yetu ya Shafi, wakili hamwekei wakili mwingine kazi aiwezayo mwenyewe illa kwa idhini ya mwenye mali. Basi aanze kwa mwajiri wake, majuma mawili kabla ya safari: amtake idhini, na amtaje atakayeshika mahali pake. Kisha aandike, kama Qur’ani ilivyotuamrisha kuandika madeni: funguo ngapi, mizigo mingapi, nani anadai na nani anadaiwa, na jambo gani laweza kuharibika. Kisha amwache naibu wake afanye kazi siku mbili naye yupo, apate kuuliza. Mwisho awaambie wateja: tangu siku kadha hata siku kadha, muulizeni fulani.

Ndugu mmoja anunuaye mifugo Kajiado amenieleza kwamba mfugaji mwenye akili aondokapo humwonyesha mchungaji ng’ombe mmoja mmoja: huyu mgonjwa, huyu ana mimba, yule hupenda kupotea. Yeye hana daftari wala ofisi, lakini hulala akiwa safarini.

Huenda akasema msemaji: “Nikimfundisha mwenzangu kazi yangu, nitarudi nimkute amekalia kiti changu.” Khofu hii si ya bure, na mwajiri anayeifanya likizo kuwa mtego ni dhalimu. Lakini kuficha elimu ya kazi ili usiweze kuachwa ni kuifunga mali ya mtu kwa nafsi yako. Ukiugua leo, au ukafa, itakuwaje? Na riziki haikuandikwa katika ufunguo wa bohari.

Na nyinyi wenye maduka mliomo humu mjini, msidhani maneno haya ni ya vibarua peke yao. Mmempa mtu ruhusa. Mnampigia simu ya nini usiku wa Idi?

Kijana yule alikuja tena wakati skuli zilipofungwa. Simu yake ililia mara moja tu, naye akajibu, “Tazama ukurasa wa tatu,” akaiweka. Kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda kusali Alasiri.

Wabillahi taufiki.