Kuchagua Rafadha Mbadala kwa Mashua ya Matanga ya Zamani

Upepo unapokoma mlangoni mwa bandari, usalama wa mashua ya matanga hutegemea injini na rafadha yake. Kabla ya kununua rafadha nyingine, mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Vipimo. Alama 14 x 10 kwenye kitovu humaanisha kipenyo cha inchi 14 na hatua ya inchi 10, yaani umbali ambao rafadha ingesonga kwa mzunguko mmoja iwapo isingeteleza majini. Hakikisha pia upande wa mzunguko na ukubwa wa shafti. Iwapo injini au giaboksi ilikwisha kubadilishwa, vipimo vya zamani visinakiliwe, vikokotolewe upya.

2. Nafasi. Kati ya ncha za mapanga na chombo ibaki angalau asilimia 10 ya kipenyo.

3. Mapanga. Mawili hupunguza ukinzani wakati wa kutweka tanga. Matatu husukuma kwa utulivu zaidi.

4. Hali ya metali. Rafadha iliyotumika yenye rangi ya waridi huenda imeliwa zinki yake na ikavunjika kwa urahisi. Usiinunue.

5. Jaribio. Injini ikishindwa kufikia kasi iliyotajwa na mtengenezaji na kutoa moshi mweusi, huenda hatua ni kubwa mno. Ikiipita kasi hiyo, huenda ni ndogo mno.

Kwa kuwa kasoro hii hubainika majini tu, kubaliana na muuzaji kwa maandishi, kabla ya kulipa, kuhusu haki ya kubadilishiwa baada ya jaribio. Tunza risiti.