Unywele Ulioungua: Kipi Chaweza Kutengenezwa?

Kitana cha chuma kikishapata moto juu ya jiko la mkaa, kisha kikapitishwa katika nywele zilizojisokota, nywele hizo hunyooka papo hapo. Mvua ikizinyeshea jioni, hurudi kujisokota kama zilivyokuwa. Lakini kazi hiyo ikirudiwa kwa miezi mingi, baadhi ya nywele hazirudi tena: hubaki zimelegea mfano wa nyuzi za katani, ncha zake hupasuka, na hukatika kila zinapochanwa. Matukio hayo mawili yana asili tofauti, na ni katika tofauti hiyo ndimo linamopatikana jibu la swali lililo juu.

Sehemu hai ya unywele imo ndani ya ngozi, katika kifuko kidogo ambamo seli hugawanyika, hujaa protini iitwayo keratini, kisha hufa. Kinachochomoza juu ya ngozi hakina damu wala neva, ndiyo maana kukata nywele hakuumi. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu seli za jirani huongezeka na kuziba pengo. Unywele hauna seli za kufanya kazi hiyo. Hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 30 imekwisha kukaa nje kwa muda wa miaka miwili na nusu, ikipigwa na jua, ikioshwa na kuchanwa. Si ajabu kwamba ncha ndizo zinazoharibika kwanza.

Ukitazamwa kwa hadubini, unywele huonekana umefunikwa kwa magamba membamba yaliyopangwa kama makuti ya paa, kila safu ikiifunika sehemu ya safu nyingine, na kingo zake zikielekea nchani. Chini ya magamba hayo zimo nyuzi za keratini zilizofungamana kama kamba. Kila uzi umejengwa kwa molekuli ndefu zilizojiviringisha mfano wa springi, umbo ambalo Linus Pauling na wenzake walilieleza mwaka 1951. Molekuli hizo hushikamanishwa na vifungo vya aina mbalimbali, na viwili kati yake vinahusika sana hapa. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi mno. Maji huvifungua, na joto pia. Vifungo vya salfa ni vichache zaidi, lakini ni imara, wala maji matupu hayavifungui.

Walimu waweza kuonyesha kazi ya vifungo vya haidrojeni kwa gharama ndogo. Unywele mrefu ulionyooka, uliookotwa kwenye kitana, ulowanishwe, uzungushwe juu ya penseli, na uachwe hadi ukauke kabisa. Ukitolewa utakuwa umejikunja. Ukilowanishwa tena, mkunjo utatoweka. Maji yalivifungua vifungo, navyo vilipojifunga upya vilifuata umbo la penseli. Kitana cha moto hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka, na mvua ndiyo inayoitangua. Kufikia hapo, hakuna kilichoharibika.

Madhara huanza joto linapopita kiasi. Katika hewa ya kawaida unywele huwa na maji yapatayo sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wake. Ukilowa, kiasi hicho huongezeka hadi karibu 30. Maji hayo yakipashwa moto ghafla huchemka yakiwa ndani, na mvuke usiopata njia ya kutokea huacha viputo. Madaktari waliieleza hali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba chuma cha kusokotea nywele chenye joto la digrii 125 za Sentigredi, kikishikiliwa mahali pamoja kwa dakika moja tu, chaweza kuleta viputo. Unywele wenye viputo ni kama mwanzi ulioliwa na wadudu: hukatikia palepale penye uwazi. Keratini yenyewe nayo huvurugika. Ikiwa imelowa, springi zake huanza kufumuka kwenye digrii 150 hivi; ikiwa kavu hustahimili hadi kupita digrii 200. Kwa hiyo kupiga pasi nywele mbichi, ingawa sauti ile ya kuchemka huwafurahisha wengine, ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Kitana cha mkaani hakina kipimajoto. Njia ya zamani ya kukipima ni kukigusisha kwenye karatasi nyeupe: karatasi ikigeuka rangi, kitana hakifai kugusa kichwa. Mafuta nayo si kinga ya kutegemewa. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kabla ya kufikia digrii 200, na yakiyeyuka hutiririka hadi kwenye ngozi na kuichoma. Hapo jambo hugeuka kuwa zito zaidi, kwani kifuko cha unywele kikiungua na kuwa kovu, hakioti tena. Hata hivyo, si kila upara ulaumiwe kitana. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walikihusisha kitana cha moto na upara unaoanzia utosini kwa wanawake weusi. Mwaka 1992 wengine walionyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, na mwaka 2019 ikagunduliwa kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3 huchangia kwa baadhi ya wagonjwa. Anayeona utosi wake unapungua nywele amwone daktari mapema.

Je, zile krimu za "kuponya"? Nyingi hulaza magamba, hujaza nyufa kwa muda na kupunguza msuguano wa kitana. Faida hiyo ni ya kweli, nayo huzuia nywele zisikatike ovyo, lakini huondoka kwa kuoshwa. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Hayaunganishi ncha iliyopasuka. Ncha hiyo dawa yake ni mkasi.

Anayetaka kunyoosha nywele kwa moto azikaushe kabisa kwanza, apitishe chuma mara moja badala ya mara tano juu ya fungu lilelile, na aache majuma yapite kabla ya kurudia. Asiyetaka moto anayo njia ya akina bibi, ya kufunga nywele kwa uzi zikiwa na unyevu kidogo na kuziacha zikauke. Hilo ni jaribio la penseli lililofanywa kichwani: nywele hutoka zimenyooka, na zikinyeshewa hujisokota tena. Uzi usikazwe mno karibu na paji la uso, maana huko nywele hung'oka kwa kuvutwa.